Hofu ya fremu moja

Iron Lung haijanitoka akilini. David Szymanski alitoa gemu hiyo mwaka 2022, na wazo lake ni fupi: nyota na sayari zinazokalika zimetoweka, mfungwa anafungiwa ndani ya nyambizi yenye kutu, mlango unachomelewa, kisha anashushwa kwenye bahari ya damu katika mwezi wa mbali. Dirisha limezibwa kwa chuma kwa sababu ya mgandamizo. Anaendesha kama kipofu: ana ramani, namba mbili za mahali alipo, namba ya pembe anayoelekea, na vihisi vinavyolia kwa kasi kadiri mwamba unavyokaribia. Akitaka kuona nje, hubonyeza kitufe cha kamera, kisha husubiri picha moja tuli yenye chengachenga.

Mark Fischbach, mtengeneza video wa YouTube anayejulikana kama Markiplier, aliigeuza filamu kwa takriban dola milioni 3, ikaingia kwenye majumba ya sinema Januari 2026. Aliiandika, akaiongoza, akaihariri na kuigiza mhusika mkuu.

Naamini fedha hizo zinatosha kwa sababu ubanaji wa matumizi umo tayari ndani ya gemu. Zimwi la kompyuta likitembea kwa sekunde 10 hudai fremu 240, yaani picha 24 kwa kila sekunde, na katika kila moja lazima ngozi na mwanga vikubaliane. Zimwi la picha tuli ni fremu 1, tena chenga huficha kasoro. Piga picha sehemu ileile mara mbili, na katika picha ya pili jiwe lililokuwepo lisiwepo. Hapo umetisha bila gharama.

Chumba kimoja nacho kina mtego wake. Kuta za seti hutengenezwa ziweze kutolewa ili kamera ipite, na hapo ndipo wengi huharibu: lenzi ikirudi nyuma hadi mahali ambapo mtu hawezi kusimama, mtazamaji anahisi nafasi, na ule msongo unakwisha. Fedha inayookolewa hapo iende kwenye sauti. Mlio wa chuma kinachokunjika ndio bahari yenyewe, maana hakuna kingine cha kuithibitisha.

Kisha damu bandia. Fischbach alitaja zaidi ya galoni 80,000, yaani kama lita 300,000. Kwa wingi huo sharubati ya sukari haifai: inanata, inavuta wadudu, inagandisha nguo mwilini. Unga wa methiliselulosi, unaofanya maji yawe mazito, ni bora, gramu 10 hadi 20 kwa lita kutegemea aina yake. Hata kwa gramu 10, ujazo ule ungemeza tani 3. Unga hutawanywa kwanza kwenye maji ya moto, kisha huongezwa ya baridi ndipo uzito uje. Ukianza na baridi unapata madonge. Rangi nayo hubadilika kwa kina: damu inayokolea vizuri kwenye kiganja huwa nyeusi tii ikifika kiunoni, kwa hiyo ya kujaza chumba hupunguzwa rangi na kumulikwa kutoka ubavuni.

Kigumu kuliko vyote ni kitufe cha kamera. Kwenye gemu kidole ni chako. Kwenye filamu umenyang'anywa. Dawa ninayoiona ni kumfundisha mtazamaji kusoma ramani mapema, polepole, kalamu ikitia alama karibu na lenzi, ili baadaye namba zikibadilika huku injini imezimwa, aelewe kabla mfungwa hajageuka.