Khanga ya bibi inazunguka mara mbili

Jumanne nilipanda mlima wa Igogo, Mwanza, na wanafunzi wangu watatu wa tiba kwa vitendo, hadi nyumba za juu kabisa, kule ambako bodaboda inakuacha chini na mawe ndiyo ngazi. Tulikuwa tunakwenda kwa bibi mmoja aliyevuka miaka 80, anayeishi na mjukuu wake wa shule ya msingi.

Baada ya shikamoo, kijana mmoja akabaki amesimama na fomu yake. "Bibi, unakula mwenyewe?" "Nakula." Tiki. "Unavaa?" "Navaa." "Chooni?" "Naenda." Ile ni fomu ya Barthel, ya kupima mtu anavyojitegemea katika shughuli za kila siku, vipengele 10, imetoka Marekani tangu mwaka 1965, na bibi alikuwa anazikaribia alama 100. Tukaazima kiti cha plastiki kwa jirani, tukapima mita 3 uani: simama, tembea, geuka, rudi, kaa. Sekunde 11. Wataalamu wengi huanza kuhofia kwamba mzee ataanguka zikifika 12, kwa hiyo kijana akafunga faili.

Sikumgombeza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandika mzee mmoja "anajitegemea" kwa kumtembeza kwenye korido ya wodi. Wiki mbili baadaye akaletwa nyonga imevunjika. Alianguka akishuka mawe ya kwake. Yule mzee bado namuwaza.

Nikawaambia waweke kalamu chini, waangalie tu. Bibi hakai kwenye kiti, anakaa kwenye kigoda. Kunyanyuka alijisukuma kwa mikono miwili, akashika mwimo wa mlango, akasimama pale anahema kabla ya kupiga hatua. Choo ni cha kuchuchumaa, nyuma ya jiwe kubwa, na jiwe lenyewe lina sehemu imekuwa laini, inang'aa, kwa kushikwa kila siku. Mwanafunzi mmoja, binti, ndiye aliyeiona khanga: inamzunguka kiunoni karibu mara mbili.

Wazee wetu hawalalamiki mbele ya wageni. Ukimuuliza kama anaweza, anaweza. Binti akaketi mkekani, akauliza taratibu, "Bibi, mara ya mwisho ulisonga ugali lini?"

Bibi akamtazama mjukuu. "Kabla ya mvua. Mwiko unaniponyoka."

Tangu hapo ni uji, asubuhi na jioni.

Kijana akafungua faili tena, akahesabu kwa vidole: kukonda, mshiko hafifu, kuchoka upesi. Katika dalili 5 za udhaifu wa uzeeni alizopanga daktari Linda Fried na wenzake mwaka 2001, zikifika 3 mzee huyo ameshadhoofu, na kiti cha plastiki hakikutuonyesha hata moja.

Alama zilirekebishwa, mlo tukauzungumza kwa simu na mtoto wa kike wa bibi, na fundi atakuja kuweka mti wa kushikia chooni. Mwiko tuliushughulikia pale pale: tukauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli hadi mpini ukajaa kiganjani. Bibi akaukamata, akausonga hewani, akauliza kama mpira umebaki wa kufunga na jembe.