Pua ilivyonidanganya kwenye mpunga chotara

Nilipopewa kazi ya kuingiza harufu ya Basmati 370, ile ambayo sokoni tunaiita pishori, kwenye wazazi wa mpunga wetu chotara, nilidhani pua itatosha. Unakatakata jani, unalitia kwenye maji ya potasiamu haidroksaidi ya asilimia 1.7, unafunika kidogo, kisha unafunua na kunusa. Tatizo, baada ya sampuli nane hivi pua huchoka na kila kichupa hunuka dawa tu.

Nikachavusha pishori na mzazi wetu asiyenukia nikapata chotara wa kwanza, kisha nikamchavusha tena na mzazi huyo asiyenukia. Katika miche iliyotoka, hakuna hata mmoja ulionukia. Kidogo niitupe yote! Kumbe harufu huja pale jeni ya BADH2, kwenye kromosomu ya 8, inapokuwa na hitilafu katika nakala zote mbili. Mche wenye nakala moja ni mbebaji. Pua haiwezi kumjua.

Kiashiria cha vinasaba, yaani kipimo cha DNA ya jani, humjua. Kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, nakala ya harufu huonyesha mstari wa jozi-besi (kipimo cha urefu wa DNA) 257, ile ya kawaida 355, na mbebaji huonyesha yote miwili. Mara yangu ya kwanza, kila kishimo kiliwaka 257, pamoja na kile nilichoweka maji matupu. Fundi wetu mzee akainama juu ya taa, akacheka: "Maji hayana jeni, kijana." Nilikuwa nimechafua praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kipimo, kwa DNA ya pishori. Nikamwaga, nikaanza na praima mpya na ncha za pipeti zenye kichujio. Safari hii maji yalibaki giza, na karibu nusu ya miche ikatoa mistari miwili. Iliyobaki niling'oa ikiwa na wiki tatu tu.

Kuna jambo wengi hulisahau: mlaji hali mbegu chotara, anakula punje zilizozaa juu ya mmea chotara, yaani kizazi cha pili. Mzazi mmoja tu akinukia, ni kama punje moja kati ya nne itakayonukia. Tulizitafuna moja moja, watatu mezani, kikombe cha maji kando, na kweli nyingi zilikuwa bubu.

Kwa hiyo jike na dume wote lazima wanukie. Dume tayari. Jike letu halitoi chavua inayorutubisha, linazalishwa kwa msaada wa ndugu yake mtunzaji, mpunga unaofanana nalo lakini wenye chavua nzima, kwa hiyo upande huo nina mipunga miwili ya kubadili. Miche ya mtunzaji iko kwenye trei. Kesho asubuhi, kabla ya jua kali, nachuma majani.