Sukari Kwenye Wanzuki: Bia ya Krismasi Niliyoipika Tabora

Nimerudi Tabora baada ya miaka ya ughaibuni; mengi nimeyakuta yamebadilika na hayajaniumiza. Kutoka Dodoma kupitia Manyoni na Itigi ni lami, safari ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa vumbi la mpaka kwenye meno. Maji ya bomba siku hizi yanatoka Ziwa Victoria. Sisi tuliokua na ndoo kichwani tukilitegemea Bwawa la Igombe tunajua uzito wa jambo hilo. Reli ya kisasa inajengwa. Miembe ipo. Hata bodaboda waliojaa kila kona nimewazoea haraka.

Wanzuki, pombe yetu ya asali, ndiyo iliyonishinda.

Nilikwenda kilabuni Ng'ambo jioni ya kwanza niliyopata nafasi. Nikaletewa kopo la plastiki, nikanywa, nikasubiri. Mnajua kinachosubiriwa: ile harufu ya nta na moshi inayopanda puani ukishameza, na ule ukali mdogo unaofika kooni taratibu. Haikuja. Kilichokuja ni utamu wa sukari ya dukani na harufu ya hamira ya maandazi. Nikamuuliza muuzaji asali yake anaitoa wapi. Akanijibu bila kusita, "Kaka, asali ya kupikia pombe nani anaiweza? Hii sukari." Rangi wanaipata kwa kuunguza sukari kidogo kwenye sufuria. Nikajaribu Isevya, sukari. Kiloleni, sukari. Tabora hii hii, ambayo ukimtajia Mtanzania yeyote anakujibu asali!

Miaka yangu ya ughaibuni niliishi Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, mji ulio kando ya Ziwa Erie. Desemba yangu ya kwanza kule, theluji imefika magotini, mwenzangu wa kazini alinipeleka baa akaniagizia bia inayoitwa Great Lakes Christmas Ale. Glasi yake ilikuwa imezungushiwa sukari na mdalasini ukingoni. Ina asali, tangawizi na mdalasini, kileo chake asilimia 7.5, rangi ya hudhurungi inayokaribia nyekundu. Nilipoimeza ile ya kwanza niliona ua wa bibi yangu, mitungi imefunikwa kwa kanga, wazee wamekaa kwenye vigoda. Sikuwahi kumweleza mwenzangu kwa nini nilinyamaza.

Kiwanda chenyewe kilianzishwa mwaka 1988 na ndugu wawili, Patrick na Daniel Conway, katika mtaa wa Ohio City. Ile bia ya Krismasi hutoka mwishoni mwa Oktoba, na watu wa Cleveland huipangia foleni. Ikiisha, imeisha mpaka mwaka unaofuata. Ndiyo maana wengi kule hujifunza kuiiga jikoni kwao, nami nikawa mmoja wao. Sheria inaruhusu: mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyowafungulia Wamarekani kupika bia nyumbani kwa matumizi yao, galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili, yaani zaidi ya lita 750. Nikanunua ndoo, sufuria kubwa, haidromita ya kupimia sukari, na kifaa cha kubania vizibo. Nilipika kila mwaka, na kila mwaka nilikuwa najiambia kuwa ya kweli nitaipika Tabora, kwa asali ya msitu wetu wa miyombo, tangawizi ya kwetu na mdalasini wa Zanzibar. Asali ya dukani kule ni nyeupe, ya maua ya klova, majani wanayolisha ng'ombe, tamu lakini haina historia. Nilikuwa najua nyumbani ipo asali nyeusi yenye moshi.

Basi nikaanza kuitafuta.

Sokoni chupa zimepangwa, zingine zina lebo nzuri kabisa. Niliyoonja kwanza ilikuwa ya dhahabu, imechujwa ikachujika, haina hata chembe ya nta. Nikaambiwa ndiyo wateja wa Dar wanaitaka hivyo, maana moshi wanauita uchafu. Ya pili, kwenye chupa ya maji iliyotumika, niliishuku. Muuzaji akawasha njiti ya kiberiti aliyoichovya asali, ikawaka, akanitazama kama hakimu aliyemaliza kesi. Ndugu zangu, njiti kuwaka haithibitishi kitu. Tone la asali kuzama kwenye glasi ya maji halithibitishi kitu pia. Sharubati nzito ya sukari nayo inazama. Na msiogope asali iliyoganda: asali halisi huganda yenyewe, inayeyuka ukiiweka kwenye maji ya vuguvugu. Anayetaka uhakika aende kwa mrina asali anayemfahamu, akaone masega.

Nilikwenda kwa mama mdogo kwanza, maana ndiye aliyerithi mitungi ya bibi. Nikamwamkia, tukala ugali na kisamvu cha karanga, halafu nikamuuliza. Hakuona haya wala hakuona sababu ya kuona haya.

"Mwanangu, asali sasa ina wenyewe. Wanakuja na madumu mpaka kijijini, wanapima, wanalipa taslimu, wanaondoka. Mimi nikinunua kwa bei yao, kopo nitaliuza shilingi ngapi? Na hawa vijana wanataka kulewa, hawana haja ya kunusa."

Nimelala na maneno hayo usiku mwingi. Simlaumu mama mdogo. Pombe ndiyo iliyonisomesha, na ninajua hesabu ya pombe ilivyo nyembamba. Simlaumu hata mrina asali anayeuza kwa anayelipa vizuri. Lakini inaniuma kwamba asali ya msitu wetu inapanda lori kwenda kwa watu wasiotuamkia, nasi tuliobaki hapa tunachemsha sukari na kuiita wanzuki. Watoto wa mtaani kwetu wanaijua asali kwa dawa ya kikohozi. Niliwauliza kama wamewahi kutafuna sega, wakacheka.

Safari ya Sikonge kwa baba mkubwa ndiyo iliyonionyesha upande wa pili. Zamani mizinga yake ilikuwa mwendo wa asubuhi kwa baiskeli. Sasa anakaa porini siku nyingi, amebeba unga na chumvi, kwa sababu msitu umesogea. Mnajua kilichousogeza: mashamba, mkaa, na mabani ya kukaushia tumbaku, yanayokula kuni msimu mzima. Tumbaku inamlipa mtu karo, siwezi kusimama mbele ya mkulima wa Urambo nimwambie aache. Lakini mti wa miyombo uliotiwa banini hautatoa ua tena, na nyuki anaishi kwa ua. Baba mkubwa alisema, "Zamani nyuki walitufuata. Siku hizi tunawafuata sisi." Ameacha pia mizinga ya magome. Ukiuvua mti gome lake lote unaua mti, na yeye mwenyewe anakiri wazee waliua mingi. Sasa ana magogo ya zamani aliyoyarithi na mizinga michache ya masanduku.

Alikuwa amebakisha dumu dogo la mavuno ya katikati ya mwaka, la matumizi ya nyumbani, halikuchujwa. Akalifungua. Moshi, nta, uchungu kidogo mwishoni. Nililia mbele yake, naye akaniacha nilie. Nililipa bei ile ile wanayolipa wenye malori na nikaongeza, kwa sababu mjomba au mtoto wa ndugu anayetaka asali ya bure ndiye anayemsukuma mzee auze yote.

Sasa upishi. Nilipika lita 10 tu, kwa kuwa mfuko mmoja wa unga wa kimea cha shayiri, kilo 1.36, ndio uliobebeka. Shayiri inalimwa nchini, Kilimanjaro na Arusha, lakini kimea chake kinakwenda viwandani. Tabora hukipati dukani. Kimea cha ulezi kipo sokoni na ni kizuri kwa kazi yake, ila kinatoa pombe nyingine kabisa, yenye uchachu wake, na mimi nilikuwa naiiga bia ya Cleveland.

Maji ya bomba niliyaacha wazi usiku kucha ili klorini itoke, maana klorini ikikutana na hamira bia inanuka dawa ya hospitali. Asubuhi nililoweka gramu 250 za kimea cha kristali, shayiri iliyookwa hadi sukari yake ikawa karameli, na gramu 30 za shayiri iliyokaangwa nyeusi kwa ajili ya rangi. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikaviweka ndani ya maji yenye nyuzijoto kama 67 kwa nusu saa. Yasichemke, maganda yatatoa ukakasi. Nikatoa kitambaa, nikakoroga ule unga, nikachemsha saa nzima. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kabla ya kufika 100, karibu 96, kwa hiyo nilihesabu dakika tangu yalipotokota kweli.

Mwanzo wa kuchemka niliweka gramu 25 za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, aina ya Mount Hood, na dakika kumi za mwisho gramu 10 za Cascade. Hizo mbili ndizo wanazotumia kiwandani, na uchungu unakaribia wa kwao. Dakika tano za mwisho kijiti kimoja cha mdalasini na kipande cha tangawizi mbichi cha gramu 20, kimeparwa. Tangawizi mwenye genge aliniambia imetoka Kigoma, na ukali wake nilikuwa nimeusahau. Mlioko Marekani, tangawizi ya huko tumieni mara mbili. Msitumie mdalasini wa unga, unaganda chini na kuacha mchanga mdomoni.

Asali, gramu 500, niliweka moto ukiwa umezimwa na sufuria imepoa kidogo. Hili nawasihi sana. Ukiichemsha asali, harufu yote inaondoka na mvuke na unabaki na utamu ambao hamira itaula wote. Ungekuwa umetumia sukari tu. Hamira inakula karibu kila kilichomo kwenye asali, kwa hiyo kinachobaki kwenye bia ni harufu, na harufu ndiyo tuliyoifuata Sikonge.

Joto ndilo linalowatisha wengi. Hamira ya kawaida ya bia ya aina hii inapenda nyuzi 18 mpaka 20, na Novemba ya Tabora mchana haikupi hizo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka ndoo kwenye beseni la maji na kuivisha gunia bichi, kivulini, upepo ufanye kazi. Ya pili, niliyoifuata mimi, ni kubeba hamira ya kveik. Ni hamira ya wakulima wa Norway, inavumilia joto hata la nyuzi 35 bila kuharibu ladha, na ile ya Voss huacha harufu kidogo ya chungwa. Pakiti yake ni ya unga mkavu. Kwa mji wetu sioni sababu ya kutumia nyingine.

Ilipopoa niliimimina kwenye ndoo, nikatia hamira, nikafunga mfuniko, nikapitisha mpira mwembamba ukaishia ndani ya chupa ya maji, hewa itoke na inzi wasiingie. Ilifoka siku ile ile. Niliiacha wiki mbili, nikapima kwa haidromita mpaka ikasoma namba ile ile siku tatu mfululizo. Msifanye haraka hapa: bia ikitiwa chupani kabla haijamaliza, chupa zinapasuka, na kioo kinajeruhi. Kisha gramu 60 za sukari iliyoyeyushwa kwa lita zote 10, chupa za bia za kawaida zilizochemshwa, vizibo, na wiki tatu za kungoja. Kileo kilifika karibu asilimia 7.

Krismasi tuliifungua kwa mama mdogo, pilau iko mezani. Ni nzuri kuliko zote nilizopika Ohio, na naamini ni nzuri kuliko ile ya kiwandani, nasema hivyo nikiwa nimeinywa ya kiwandani Desemba nyingi. Mdalasini unakuja kwanza, tangawizi inafuata, na baada ya kumeza unapanda moshi wa Sikonge. Mama mdogo alikunywa nusu glasi, akasema uchungu wa hopsi umezidi na hautamletea mteja. Halafu akauliza asali imebaki kiasi gani.

Imebaki kilo chache. Tumekubaliana atapika mtungi mmoja wa wanzuki kwa mikono yake, wa asali tupu, kwa machicha ya pombe iliyotangulia badala ya hamira ya maandazi, na mimi nitalipia asali yote. Hautauzwa, ni wa ukoo. Baba mkubwa amepewa oda ya mavuno yajayo na nimemtangulizia nusu ya fedha, ili malori yasimkute na dumu lililojaa.

Mnaokuja likizo kutoka nje, bebeni kimea, hopsi na kveik, vikiwa kwenye vifungashio vya kiwandani visivyofunguliwa. Begi lenu la pili liacheni tupu, na mkifika msinunue asali stendi. Nendeni kwa mrina asali wa ukoo wenu, kabla ya Juni, na fedha mkononi.