Nilivyolifundisha neno "innocent"

Nafundisha Kiingereza sekondari, na kuna maneno yanayokataa kufundishika kwa kukariri. Kamusi inasema innocent ni "asiye na hatia", wanafunzi wanaandika, basi kila wanapolikuta wanaona mahakama. Hata mtoto mchanga aliyelala anakuwa mtuhumiwa aliyeachiwa huru!

Nikaamua kamusi ikae kando. Swali likawa moja: neno limemwelekea nani, au nini?

Tulianza na mshtakiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50, inalitaja neno lenyewe: mshtakiwa achukuliwe kuwa innocent hadi ithibitike vinginevyo. Yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inafika hapohapo kwa njia yake: ni marufuku kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Mwanafunzi mmoja akauliza, je, akiachiwa huru ndiyo kusema hakutenda? Kipindi kiliishia hapo kwa ubishi, nami sikuuzima. Nikawaambia kwamba Uingereza na Marekani jopo la raia linaloamua kesi hutamka "not guilty", halitamki innocent, kwa sababu kazi yake ni kupima kama upande wa mashtaka umethibitisha kosa. Huenda alitenda, ushahidi ukapungua.

Likimwelekea mtoto, ni yule asiyejua mabaya ya dunia, malaika tu. Likielekea swali au utani, halina nia mbaya. Hapa Kilatini kilinisaidia: nocere ni kudhuru, na ile in- ya mwanzo inakanusha.

Jasho lilinitoka kwenye naive, ambalo darasa zima lililiona ni pacha wake. Nikaandika ubaoni ujumbe ambao kila mwenye simu Tanzania ameupata: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mzee anatuma. Hakumkosea mtu, kwa hiyo ni innocent. Ila kijiweni watasema anadanganyika kirahisi, na hilo ndilo naive. Ukimwambia mtu mzima hivyo, umemtukana kwa adabu.

Wakabishana kama ni haki kumwita mzee huyo naive, ilhali aliyeiba ni mwingine. Nikawapa aya moja waandike nyumbani. Zilirudi ndefu kuliko nilivyoagiza, na "innocent from" badala ya "innocent of" bado imejaa tele.