Ubao wa kazi ulianza kutusaidia tulipouwekea kikomo

Viongozi wenzangu wa timu wakisikia tunaendesha kazi kwa ubao, swali la kwanza huwa ni programu gani tunatumia. Trello? Jira? Nikiwajibu kwamba tulianza na ukuta mtupu, kalamu nene na vikaratasi vya kunata, wengine hudhani nawaficha kitu. Sina ninachoficha. Programu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote.

Timu yetu huandaa machapisho: wapo waandishi, wahariri wawili, msanifu wa kurasa mmoja na mwenzetu anayepakia kazi mtandaoni. Kabla ya ubao, kazi zilitawanyika kwenye barua pepe na kundi la WhatsApp, na kikao cha Jumatatu kilikwisha kwa kuulizana, "Ile imefika wapi?" Tukachora safu tatu ambazo kila mtu huchora: Bado, Inaendelea, Tayari. Kila kazi ikapata kadi yake, yenye jina la kazi, jina la mhusika na tarehe ya mwisho. Tulifurahi, maana angalau kila kitu kilionekana mahali pamoja.

Lakini ile safu ya katikati ilimeza kila kitu. Kadi ikishaingia "Inaendelea", huwezi kujua kama mtu anaiandika, kama iko kwa mhariri, au kama imelala tu. Kwa hiyo tuliivunja kwa kufuata njia ambayo kazi hupita kweli: Inaandikwa, Inasubiri mhariri, Inahaririwa, Inasubiri usanifu, Inasanifiwa, Inasubiri idhini. Safu za kusubiri ndizo zilizofungua macho. Hapo awali hazikuwa na jina, na kisicho na jina hakuna anayekiulizia.

Tukaongeza kitu kimoja kidogo: kila asubuhi, kadi ambayo haijahama inapigwa kidoti kwa kalamu nyekundu. Nakumbuka kadi ya mwongozo wa wafanyakazi wapya. Ilikaa "Inasubiri usanifu" hadi vidoti vikajaza ukingo wa chini, vikapanda pembeni, vikaanza kufunika jina la kazi. Siku msanifu alipoishika, aliimaliza mchana mmoja. Muda wote ule kazi yenyewe ilikuwa ya saa chache. Kilichobaki kilikuwa foleni. Nilipoangalia kadi nyingine nikakuta hadithi ni ile ile. Watu walikuwa wanahangaika kutwa nzima, kazi ikiwa imekaa.

Hapo ndipo kikomo kilipoingia, na kama una muda wa kujaribu jambo moja tu, jaribu hili. Kila safu inapewa idadi ya juu ya kadi. Usanifu tuliupa mbili, uhariri tatu, "Inasubiri usanifu" mbili. Safu ikijaa, hakuna kusukuma kadi nyingine humo. Unangoja mpaka nafasi ipatikane, kisha anayefuata anaivuta mwenyewe. Wazo hili ni la zamani. Mhandisi Taiichi Ohno na wenzake walilijenga kwenye viwanda vya Toyota huko Japani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia: kadi ilisafiri na vipuri, na kituo cha nyuma hakikuruhusiwa kutengeneza zaidi mpaka kadi irudi kuomba. Ile kadi ilikuwa breki. Wengi wetu tunaiga kadi na kuiacha breki.

Ukitaka hesabu yake, iko wazi. Mwaka 1961, mtafiti wa Marekani John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo leo inabeba jina lake. Ukiwa na kazi 12 mkononi na timu inamaliza 3 kwa wiki, kila kazi itachukua wastani wa wiki 4. Punguza zilizo mkononi ziwe 6, kasi ya kumaliza ikibaki ile ile, wastani unashuka hadi wiki 2. Hakuna aliyeambiwa akimbie.

Kuieleza ni rahisi. Kuishi nayo kulileta manung'uniko. Mwandishi mmoja kijana alinifuata, ameshamaliza rasimu na safu ya mbele imejaa. "Bosi, sasa nikae nimekunja mikono?" Nikamwambia, "Hapana ndugu yangu, nenda kwa mhariri umuulize amekwama wapi." Akaenda. Kumbe mhariri alikuwa anapoteza muda kutafuta vyanzo vya takwimu ambavyo waandishi hawakuviambatisha. Wakakaa pamoja wakavitafuta, na tangu hapo kadi haitoki "Inaandikwa" bila vyanzo vyake. Bila kikomo, yule kijana angeanza makala nyingine na foleni ingerefuka.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa nje ya timu. "Inasubiri idhini" ilikuwa na kikomo cha kadi nne, na mwenye kuidhinisha alikuwa mkurugenzi. Safu ilipojaa, kazi nzima ilisimama mpaka kwa waandishi. Sikumwandikia barua pepe. Nilimwomba aje tusimame ukutani, nikanyamaza. Alizitazama kadi nne zimetapakaa vidoti, akauliza, "Hizi zote zinanisubiri mimi?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Kabla hajaondoka alikuwa amekubali machapisho mafupi yaidhinishwe na mhariri mwandamizi, yeye abaki na yale mazito. Kwa maneno nilikuwa nimelalamika muda mrefu bila kufika popote.

Kikao cha asubuhi nacho kilibadilika. Hatuzunguki tena tukiulizana kila mtu jana alifanya nini. Tunaanza na kadi iliyo karibu zaidi na "Tayari", tunauliza kinachoizuia, kisha tunarudi nyuma. Kazi za dharura zina kadi nyekundu, na inaruhusiwa moja tu kwa wakati. Anayeleta ya pili anapatana kwanza na mwenye ile ya kwanza. Mara nyingi dharura yake hupoa njiani.

Baadaye wenzetu kadhaa walianza kufanyia kazi mbali, tukahamia kwenye programu. Faida ipo: historia inahifadhiwa, na siku ambazo kadi imekaa zinahesabika zenyewe. Hasara ni kwamba ukuta hujaa, programu haijai. Safu ya "Bado" ikawa jalala la mawazo, kwa hiyo kadi isiyoguswa miezi mitatu tunaifuta. Ikiwa na maana, itarudi. Rangi za lebo nazo zilifika kumi na kitu, na hakuna aliyekumbuka zambarau ni nini. Tumebaki na mbili.

Jambo moja bado tunavutana juu yake. Utawala unataka idadi ya kadi alizomaliza kila mtu, itumike kwenye tathmini. Nimekataa. Kadi ya tangazo la aya mbili na kadi ya ripoti ya kurasa themanini hazilingani, na siku kadi zikigeuka kipimo cha mtu, kila kazi itakatwakatwa vipande na hakuna atakayeacha yake akasaidie safu iliyokwama. Ninachowapelekea ni muda wa kazi tangu kuanza hadi kukamilika, wa timu nzima. Wanaupokea, kisha tathmini ikikaribia wananiuliza tena habari ya majina.