Kitindamlo cha Machungwa ya Teso kwa Harusi ya Bombo

Rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye harusi yake ilifanyika nyumbani kwao Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, aliniomba nimtengenezee kitindamlo cha machungwa na malimau, akaweka masharti mawili tu: kisiwe na jelatini, yaani kigandishi cha ngozi na mifupa, ambayo haijulikani imetokana na mnyama gani, na kiweze kukaa mezani chini ya hema adhuhuri bila kuyeyuka. Keki ilikuwepo, kwa kuwa harusi ya Uganda isiyo na keki ya ghorofa kadhaa huwaacha wazee wakinong'ona. Lakini keki hiyo hukatwa mbele ya kamera, sehemu yake kubwa hukabidhiwa wazazi na wakwe, na mgeni aliyeketi nyuma huambulia kipande cha kufunika kwa vidole viwili. Mama yake bibi harusi alilisema wazi tulipokaa kupanga: "Mwanangu, keki ni ya wakwe. Hawa wengine wakishashiba pilau, wape kitu cha kusafisha ulimi."

Nilimwelewa vizuri. Pilau la nyama na sambusa huacha mafuta mdomoni, na mtu aliyekwisha kula hivyo hahitaji siagi na sukari zaidi, anahitaji ukali kidogo na ubaridi. Ndiyo maana nilitaka tunda lenyewe lionekane na kuonjwa, maganda yake yakiwa ndiyo vikombe.

Nilichagua machungwa ya Teso, eneo la mashariki mwa Uganda, yale yanayoletwa Kampala kwa malori kutoka Soroti, Kumi na Serere, ingawa shangazi mmoja alinishauri ninunue ya ng'ambo yenye rangi ya kupendeza. Machungwa yetu hubaki na ganda la kijani hata yakiwa yameiva kabisa, kwa sababu rangi ya kijani huvunjika pale tu usiku unapokuwa na baridi ya kutosha, na usiku wa Soroti hauna baridi hiyo. Joto hilohilo hupunguza asidi ndani ya tunda, ndiyo maana chungwa la Teso huwa tamu na laini kuliko linavyokuwa chachu. Kwa mnywaji wa juisi hiyo ni neema. Kwa mpishi wa kitindamlo ni upungufu unaozibwa na limau, na mimi huongeza mililita 50 za maji ya limau katika kila lita ya maji ya machungwa. Tena ganda la kijani lililojazwa kitu cha rangi ya machungwa lina uzuri wake mezani, uzuri ambao tunda lililopakwa nta haliwezi kuupata.

Badala ya jelatini nilitumia unga wa agari, unaotokana na mwani mwekundu, ambao wapishi wa pwani wameuzoea kwa jina la chaina grasi. Jelatini huyeyuka katika joto linalokaribia la mwili wa binadamu, na hema lililojaa watu mchana halipo mbali na hapo. Agari huganda joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 35 au 40, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ipate joto la takriban nyuzi 85. Maana yake ni kwamba inaganda juu ya meza ya jikoni bila friji, jambo ambalo kila anayepika huku anajua thamani yake umeme unapokatika siku ya Ijumaa jioni.

Agari ina adui mmoja, nayo ni asidi ikichemshwa pamoja nayo, kwa kuwa huivunja nguvu na kuiacha tepetepe. Kwa hiyo nilichemsha gramu 10 za agari katika mililita 300 za maji na sukari, nikikoroga dakika chache mpaka chembe zote zikapotea, kisha nikaepua sufuria na kumimina mililita 700 za maji ya machungwa na limau. Maji hayo ya matunda yasitoke kwenye friji moja kwa moja, kwani agari ikikutana na ubaridi wa ghafla huganda vipandevipande. Ganda la juu la machungwa machache hukwaruzwa kwa kifaa cha kukwaruzia karoti na kutiwa mwishoni. Ile nyama nyeupe chini ya ganda iachwe, ni chungu.

Tabaka la chini lilikuwa la tui la nazi lililochemshwa na agari yake na kutiwa vanila, na hapo sikubania, kwa sababu Uganda inalima vanila nzuri, ya Mukono na ya Bundibugyo, na ni aibu kuinunua chupa ya harufu ya viwandani huku vanila yenyewe ipo. Tui lilimwagwa kwanza ndani ya nusu za maganda zilizokombwa, theluthi ya kimo chake. Mchanganyiko wa machungwa ulifuata ukiwa bado wa vuguvugu, mara tui lilipoanza kushika lakini uso wake ukiwa bado unanata kidoleni. Likiachwa likakauka kabisa, matabaka mawili huachana kisu kinapopita.

Wageni walikadiriwa kufika 300, nasi wanawake wa jikoni tulikata machungwa 150, ambayo kila moja linatoa robo nne. Kazi hii ifanyike usiku wa kuamkia harusi, si mapema zaidi, kwa maana agari ikikaa muda mrefu hutoa majimaji. Asubuhi kisu kikali kilichochovywa maji ya moto kiligawanya kila nusu mara mbili, zikapangwa kwenye masinia, na zikafunikwa kwa vitambaa vyenye unyevu mpaka pilau lilipoondolewa.

Kwa nyumba ya watu kumi, machungwa matano makubwa, limau moja, gramu 6 za agari katika mililita 170 za maji, na kikombe cha tui lenye gramu 2 za agari lililochemshwa peke yake vinatosha. Sukari ionjwe, isipimwe, kwa kuwa hakuna gunia la Teso linalofanana na lingine.