Siku moja na pikapu zisizo na magurudumu

Saa 12:10 asubuhi

Mama alipiga simu nikiwa bado napiga mswaki. Mzee mmoja wa kanisa lao kule Murang'a ameambiwa kwamba mimi nauza pikapu Nairobi, sasa anauliza kama nina moja ya mtumba ya kubebea majani ya ng'ombe. Nusura nimeze dawa ya meno. Mama, pikapu zangu ni za gitaa, zinaingia mfukoni: sumaku, waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa mara elfu kadhaa, na kifuniko cha plastiki. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, unakimbia kwenye kebo hadi kwa amplifaya. Akasema atamwambia mzee asubiri.

Saa 2:15

Nilifungua karakana, chumba kimoja ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Luthuli Avenue. Julai ya Nairobi, baridi mpaka vidole vinakataa kushika bisibisi. Mteja wa kwanza alichungulia mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Sista, fundi hajafika?"

"Ndiye huyu. Karibu."

Gitaa lake lina pikapu za EMG 81, na alikuja kuniuzia pikapu hizo kwa bei ya kutupa kwa sababu "zimekufa". Zilikuwa zikikohoa badala ya kulia. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikatoa betri ya volti 9, nikaweka mpya. Zikafufuka. Pikapu za aina hii zina kiamplifaya kidogo ndani yake, ndiyo maana zinataka betri, na swichi yake ni ile jeki ya kebo: ukilala kebo ikiwa imechomekwa, betri inakesha kazini. Angekutana na fundi mwenye njaa angeziacha huko. Nilimtoza betri na pesa ya chai.

Saa 3:40

Kijana wa Rongai ndiye aliyekula siku yangu. Ana miaka kama 20, anapiga metali, ile roki nzito, na wenzake watatu, na ameweka akiba tangu Januari ili anunue pikapu kali kuliko zote. Kali kuliko zote, kwa hesabu zake, ni Invader ya Seymour Duncan: sumaku tatu za kauri na namba ya kilo-omu 16.8. Zake za sasa, zilizokuja na gitaa, alizipima mwenyewe kwa mita ya shemeji yake akapata 7. "Saba tu, fundi! Ndiyo maana haingurumi."

Nilimwambia apime tena nikiona. Alichomeka kebo, akagusa ncha yake kwa mita, swichi ya gitaa ikiwa katikati. Hapo ndipo penye kasoro. Swichi ikiwa katikati pikapu mbili zinafanya kazi pamoja, na mita inasoma nusu. Nikaisukuma swichi upande wa daraja, yaani pikapu iliyo karibu na nyuzi zinapofungwa: 13.6.

Alikaa kimya. Nikachukua Super Distortion ya DiMarzio niliyonayo kwenye kasha, kuukuu kidogo lakini nzima, nikaipima mezani: 13 na pointi. Namba karibu ile ile na ya pikapu anayotaka kuitupa. Na hii ndiyo pikapu iliyoanzisha biashara yote ya kubadilisha pikapu ili upate sauti nzito, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakuna anayeiita dhaifu.

Kile kilo-omu wanachokiabudu wapiga gitaa ni ukinzani wa waya, si nguvu ya pikapu. Waya ukiwa mwembamba zaidi, namba inapanda hata kama mizunguko haijaongezeka. Sumaku haihesabiwi kabisa kwenye namba hiyo. Hata hali ya hewa inaichezea: shaba ikipata joto ukinzani hupanda, kwa hiyo pikapu ya kilo-omu 16 saa hizi za baridi inaweza kusoma 16.5 jua la saa nane likiingia dirishani. Nimewahi kuona watu wakigombana kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Saa 4:30

Nilimwomba apige. Tulichomeka gitaa lake kwenye ampu yangu na akaweka geini, ile nobu ya kukuza sauti hadi ikwaruze, 9 bila kuniangalia. Ameshusha nyuzi hadi Drop C, kila uzi toni moja chini na ule mnene toni mbili. Mkono wake ni mzuri, anaziba nyuzi kwa kiganja kwa kasi inayonifanya nione uzee, lakini kilichotoka kwenye spika kilikuwa uji. Kila pigo likimwagikia jingine.

Hapa nina msimamo, na wateja wengi hawaupendi. Miaka ile ya 1970 ampu nyingi hazikuwa na geini ya kutosha, hivyo pikapu yenye nguvu ilikuwa na kazi maalumu: kuisukuma ampu ianze kukwaruza. Leo kikanyagio cha gitaa kidogo kuliko kopo la maziwa kina geini ya kugawia mtaa mzima. Ukiweka pikapu kali sana mbele ya geini 9 hupati uzito. Unapata makelele na sauti iliyobanwa ambayo pigo lake la kwanza halisikiki. Kinachotakiwa kwa metali ya nyuzi zilizolegea ni pikapu yenye besi iliyofungwa, ambayo uzi mnene ukipigwa unasema na kunyamaza.

Nikamkumbusha Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Fundi mwenzangu kwa namna fulani: ncha za vidole viwili zilikatwa na mashine kiwandani Birmingham. Mwaka 1970 alikuwa akipiga pikapu za koili (zungusho la waya) moja moja, zenye nguvu ya wastani tu, na mwaka uliofuata baadhi ya nyimbo zao zilikuwa toni moja na nusu chini, karibu kabisa na alipo kijana huyu. Hakuna aliyelalamika kwamba hazina uzito.

"Kwa hiyo ninunue koili moja?"

"La. Ukipiga koili moja na geini hiyo utasikia stima yote ya jengo hili."

Kweli kabisa. Umeme wetu ni hezi 50, na koili moja inaudaka mvumo huo kama antena. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson, mwaka 1955, aliweka koili mbili zinazopingana ili mvumo ujiue wenyewe na sauti ya nyuzi ibaki. Hambaka. Wapiga benga wanaokuja hapa hawaitaki, wanataka ile sauti kavu inayomeremeta juu ya besi, na wana haki. Metali bila hambaka ni kujitesa.

Saa 5:50

Tulijaribu pikapu tatu. Gitaa langu la majaribio lenye JB ya Seymour Duncan, ambayo sumaku yake ni alniko 5: kijana aliipenda kwa solo, lakini kwenye Drop C sauti za kati zilipanda mno, kama mtu anayeongea kwa pua. Invader, iliyokuwa kwenye gitaa la mteja mwingine aliyeruhusu: besi nene, tamu ukipiga taratibu, ila kwa kasi yake uji ukarudi. Gitaa lake ni la mbao nyepesi, tayari lina besi ya kutosha. Kisha Super Distortion, tukiishikilia juu ya nyuzi kwa mkono na klipu mbili. Akapiga rifu moja, kipande kifupi cha kurudiarudia, akaacha, akanitazama.

Sikusema kitu. Bei nilimpa ya kuukuu, na akabaki na zaidi ya nusu ya akiba yake. Nikamshauri anunue nyuzi nene zaidi kwa sehemu ya hiyo.

Saa 7 mchana

Chapati madondo. Yeye mbili, mimi tatu.

Saa 8:10

Nilikuwa nimechoma waya wa mwisho stima ilipopotea. Ninayo chuma ya kulehemu ya gesi kwa siku kama hizi, kwa hiyo kazi haikusimama, lakini ampu ilisimama. Tulingoja dakika 40 tukizungumzia kama mpiga ngoma wao ana haki ya kuchelewa kwa sababu gari ni lake.

Stima iliporudi, aibu. Gitaa lililia kama redio ya betri ndani ya kopo, na juu yake mvumo. Kijana alibadilika rangi. Mimi nilijua papo hapo, na nilijitukana kimoyomoyo. Asubuhi ile ya jana nilifunga Duncan tatu mfululizo, mkono ukazoea. Kwa Duncan, waya mweusi ndio unaobeba sauti, mwekundu na mweupe vinaunganishwa pamoja, kijani kinakwenda ardhini. Kwa DiMarzio mwekundu ndio unaobeba sauti, mweusi na mweupe ndio wanaofungwa pamoja. Rangi zile zile, maana nyingine. Nilikuwa nimegeuza koili moja, kwa hiyo nyuzi zilikuwa zikijiua na mvumo ukijumlishwa, kinyume kabisa cha alichokusudia Seth Lover.

Dakika kumi za kuchoma upya. Sikumtoza kazi.

Saa 10:30 jioni

Marekebisho ya mwisho ni ya bisibisi tu. Nilibonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho na kushusha pikapu mpaka pakabaki kama milimita 3. Sumaku ya kauri ikisogea karibu mno inavuta uzi, noti inayumba na tyuni inaonekana mbovu hata ikiwa sawa. Halafu nikashusha geini hadi 5, besi kidogo chini.

Akapiga. Kila pigo lilisimama peke yake. Mwenye duka la simu ghorofa ya chini alipanda kuuliza kuna nini, akabaki mlangoni hadi rifu ikaisha.

Saa 3:20 usiku

Niko kitandani, ujumbe wa sauti umeingia kutoka chumba chao cha mazoezi. Ngoma zinasikika, sauti ya mtu akifoka inasikika, gitaa ni ukungu tu. Chini yake ameandika: "Fundi, shikamoo. Wenzangu wanasema bado haina nguvu. Labda tungechukua ile ya 16.8?"

Nimemuuliza geini iko wapi.

Ameandika, akafuta, akaandika tena: "10."